Siku Kinu cha Ngatirah Kilipoita

Jina lake kamili ni Ngatirah binti Saniyem, mjukuu wa Kromosentiko, mjane wa Karyodikromo, na mtu akimtaja pale Gondangwatu, kitongoji cha milimani Java, bila kuwataja hao watatu, basi amemtaja nusu. Kromosentiko ndiye aliyeangusha mfenesi mkubwa nyuma ya zizi, akauchonga kwa tezo kiangazi kizima mpaka ukawa kinu, kinu kirefu kama mtumbwi, ambacho wanawake sita hukizunguka wakatwanga pamoja, mchi wa huyu usiguse mchi wa yule. Karyodikromo ndiye aliyepanga matuta ya mawe ya mlima wa nyuma, jiwe juu ya jiwe bila saruji, na mpaka leo haijanyesha mvua ya kuyabomoa.

Na Saniyem, mama mtu, ndiye aliyekitwanga kinu hicho ule mwaka jua lilipofunikwa mchana. Redio ilisema watu wajifungie ndani na wazibe madirisha, na watu wakajifungia. Saniyem akamwambia bintiye, "Mama yangu alitwanga, bibi yangu alitwanga, na jua likarudi. Leo likikosa kurudi watasema ni uvivu wetu." Wakatoka wawili, wakainamisha macho yasitazame juu, wakatwanga gizani mpaka majogoo wakawika mara ya pili siku ile ile. Ngatirah alikuwa mke kijana, mtoto mgongoni. Mtoto hakulia.

Yake mwenyewe ni haya. Alipanda mlima na maji ya bwawa mgongoni kabla mabomba hayajaja. Alilea watoto kwa makopa ya muhogo mwaka ambao mahindi yalikataa kabisa, na hakuna aliyetoka kwake bila kushiba. Tangu mkono wa mama yake ulipochoka, yeye ndiye mwenye mchi wa kwanza, ule unaoanza ndipo mingine mitano ikajibu. Harusi za vitongoji vitatu zilianzia mkononi mwake.

Kwa maana kinu kile kina ada yake. Kikiwa na nafaka ndani, kinafanya kazi, na hakuna anayegeuza shingo. Kikiwa kitupu, kinasema. Mwito wa kinu kitupu maana yake ni moja: nyumba hii ina shughuli, njooni. Zamani mwanamke akiusikia aliacha hata mtoto akiwa na sabuni kichwani, akatia mchele na nazi kapuni, akalifunga kapu mgongoni kwa shuka, akaenda. Siku hizi watu wanaalikana kwa kadi na kwa simu. Kinu cha Ngatirah kilikuwa kimekaa uani misimu mingi kikitumiwa kwa kazi tu, na kuku walikuwa wakitagia chini yake.

Mwanzo wa mvua, Marsudi alikuja. Marsudi ni mtoto wa marehemu kaka yake Ngatirah, na ndiye Pak Dukuh, mkuu wa kitongoji. Ni mtu mzuri, mchapakazi, ila akishaliona jambo kwenye kitongoji cha watu wengine hatalala mpaka na chake kiwe nalo. Aliketi barazani, akanywa chai nzito yenye sukari, akasifu chai, akasifu mvua, akasifu mbuzi. Ngatirah akajua anataka kitu.

"Shangazi, kuhusu kile kinu."

"Kina nini?"

"Tunajenga lango jipya. Wageni wanaongezeka. Nikafikiri kikae pale, mahali pa heshima kabisa. Kila anayeingia akione."

"Kikiwa na nini ndani?"

Marsudi akakohoa kidogo. "Maua, Shangazi. Okidi."

"Na udongo."

"Na udongo, ndiyo. Maua hayaoti hewani."

"Okidi huota hewani," alisema Ngatirah. "Kunywa chai yako."

Lakini Marsudi hakuja na porojo. Alisema kwa upole, akitazama miguu yake, kwamba waliokuwa wakikitwanga wamebaki watatu: yeye Ngatirah, Mbah Ponikem, bibi kizee ambaye sikio moja limekufa, na Jumilah. Kinu cha watu sita chenye watu watatu, alisema, si kinu tena, ni gogo. Na gogo likikaa mvuani linaoza. Afadhali libebe maua.

Maneno hayo yalimwingia Ngatirah kama mwiba wa mwanzi, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Akamwongezea chai. Kisha akasema, "Wale wanafunzi wa Jakarta wanaokuja kukaa kwetu wanafika lini?"

"Jumatatu. Wanakaa mpaka Jumapili."

"Basi sikiliza. Nikipata mikono sita kabla hawajaondoka, mikono ya hapa hapa, si ya wageni, kinu hakitoki uani kwangu. Nikiikosa, njoo na vijana wako ukibebe. Mimi mwenyewe nitakushikia upande mmoja."

Marsudi akakubali haraka mno, na hilo nalo lilimuuma.

Jioni ile akaanzia nyumbani. Wuryani, mke wa mwanawe, ni mwuza mboga wa pikipiki. Anatoka alfajiri na makapu pande zote mbili, kabichi huku, mchicha huku, tempe ya soya imening'inia nyuma, na sauti yake inafika kabla ya pikipiki. Ni mwanamke wa maneno mafupi na mikono mepesi. Tangu aolewe hajawahi kugusa mchi.

"Mama, mimi nikisimama kwenye kinu, kabichi atauza nani? Wewe?"

"Nitauza."

"Wewe utawapa bure, halafu utawagombeza kwa nini wamechukua kidogo."

Ponikem, aliyekuwa amekuja kuomba pilipili, akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Ngatirah hakucheka. Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Mmoja alikuwa na mtoto mdogo. Mwingine alisema mikono yake imezoea cherehani. Mke wa Marsudi mwenyewe, Winarti, alimkaribisha ndani, akamsukumia sahani ya vitumbua, akasema "ndiyo, ndiyo, Shangazi, tutaona." Na kwetu mtu akisema ndiyo mara mbili kwa sauti laini, jibu ni hapana, na aliyeuliza hushukuru akaondoka. Ngatirah alishukuru akaondoka.

Wanafunzi wakaja. Walikuwa kundi zima, na mwalimu wao mwenye kofia, wamegawanywa nyumba kwa nyumba. Wasichana wanne waliletwa kwa Ngatirah. Waliokaa Gondangwatu wanajua wanafunzi wanavyokuwa siku ya kwanza: wanainamisha mabega wakipita mbele ya wazee, wanasema asante kwa kila kijiko, wanaogopa choo. Hawa nao walikuwa hivyo hivyo. Walipewa ugali wa makopa na mchuzi wa pilipili mbichi, na panzi wa kukaanga pembeni. Mmoja akapiga ukelele. Mwingine, Kinasih, msichana mrefu aliyezaliwa Sumatra kwa wazazi wa Java waliohamia huko, akatia panzi mdomoni, akafikiri, akasema, "Kama kamba wa kukaanga, ila amekulia nyasini." Ngatirah akampenda pale pale.

Walipelekwa kwenye pango la mto wa chini kwa chini, wakaonyeshwa mabwawa, wakapanda karanga katika matuta ya Karyodikromo, na Ngatirah aliwaambia yalipangwa na nani. Kisha wakakiona kinu.

"Mbah," akasema Kinasih, "hiki ni cha nini?"

Ngatirah hakuwa na nia ya kuwafundisha. Wageni ni wageni, wanapita. Lakini mtu akiulizwa na mdomo wenye adabu hawezi kujifanya hana jibu. Akamimina mpunga ndani ya kinu, pishi mbili, akawapa michi, akawaonyesha: huyu anapiga ukingo, huyu anapiga tumbo la kinu, huyu anangoja, anangoja, sasa. Kwa kuwa kulikuwa na mpunga, sauti ilitoka nzito na fupi, haikuvuka ua. Aliwafundisha pigo la mavuno, na pigo la kupatwa kwa mwezi, na mwisho, kwa kuwa Kinasih alikuwa na mkono mwepesi, akawafundisha mwito wenyewe.

Kwamba mpunga usitolewe, hakuwaambia. Nani angeambiwa? Hata mtoto anayetambaa Gondangwatu anajua. Ni kama kumwambia mtu asitie kidole jichoni.

Ijumaa ilifika, na mikono ilikuwa bado mitatu. Asubuhi Ngatirah aliwachukua nusu ya wanafunzi kwenda msitu wa mitiki kuokota mabuu, yale ya viwavi wanaoshuka kutoka majani mapya mvua ikianza. Yakikaangwa na kitunguu saumu, mwenye mgeni hana la kuomba radhi. Alikuwa ameinama chini ya mti, amefukua majani makavu, mkononi mwake mabuu yananesa kama shanga, aliposikia.

Alisimama wima.

Kutoka upande wa kitongoji, safi, kavu, ikiruka juu ya vichwa vya miti: dung, tek-tek, dung. Dung, tek-tek, dung.

"Mbah, vipi?" akauliza mvulana mmoja. "Nyoka?"

"Nyamaza. Kuna shughuli."

Na miguu yake, bila kumwuliza, ikageuka kuelekea nyumbani. Akili ilikuwa ikihesabu nyumba: nani anaozesha? Nani ametahirisha? Kwa nini hakuambiwa, yeye? Nani mwingine ana kinu? Alikuwa amefika kwenye kijito ndipo akasimama ghafla, maji kwenye vifundo.

"Mungu wangu," alisema. "Ni changu."

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake, shuka la batiki amelikunja mpaka magotini, na wanafunzi nyuma yake wakimwaga mabuu njiani.

Uani kwake walikuwapo Kinasih na wenzake watatu, wametokwa jasho, wanacheka kwa furaha, michi mikononi. Kinu kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Mpunga wote umewekwa kwenye ungo, vizuri, umefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mbah! Umesikia? Tuliona aibu kuusagasaga mpunga wako kwa mazoezi tu, tukautoa. Sasa tunaweza bila kukosea!"

"Nimesikia," alisema Ngatirah akihema. "Kila mtu amesikia."

Alikuwa bado hajakaa, wa kwanza akaingia. Ni mshona nguo wa kitongoji, yule wa cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kapu mgongoni. Nyuma yake wawili. Nyuma yao, kwenye njia ya mlima, mstari wa makapu unapanda, mashuka ya maua, kanga za kichwa, nazi zinagongana. Mwanamke kutoka ng'ambo ya msitu alikuja na fenesi lililoiva limefungwa kama mtoto. Wanaume wakafuata na mapanga na mianzi begani, tayari kujenga kibanda, wakiulizana kwa sauti nguzo ya kwanza isimame wapi.

Na jikoni moshi ulikuwa unatoka. Ngatirah akachungulia. Wuryani alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kofia ya pikipiki bado kichwani, anapuliza moto. Kabichi zote za biashara ya siku ile zimelundikwa sakafuni.

"Mama," alisema Wuryani bila kugeuka, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechomwa. "Nimefika darajani nikasikia kinu. Nikageuza. Nyumba yangu mwenyewe ina shughuli, na mimi naambiwa na kinu kama mtu wa mbali! Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa."

"Basi nani?"

"Hakuna. Ni watoto walikuwa wanajifunza."

Wuryani akageuka. Akatazama kabichi. Akatazama uani, ambako makapu yalikuwa yanaendelea kuingia. Akavua kofia polepole.

Ndipo Marsudi akafika, shati limechomekwa upande mmoja. Alipoelewa, alishika kichwa. "Shangazi, usihofu. Naenda msikitini, natangaza kwa kipaza sauti. Ni makosa, kila mtu arudi kwake. Dakika moja."

Kinasih alikuwa anasikiliza. Uso wake ulibadilika. Akauweka mchi chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, machozi yakamtoka. "Mbah, tumekuaibisha."

Watu walikuwa wamejua sasa, maana neno huenda mbio. Wanawake walisimama na makapu yao, hawajui wayashushe au wayapandishe. Kwetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, kapu kurudi lilivyokuja. Aliyeleta anaaibika, na aliyeletewa anaaibika zaidi. Mbah Ponikem, ambaye sikio lake zima lilikuwa limesikia kinu lakini halikusikia mengine, akapita katikati na nazi zake mbili, akauliza kwa nguvu, "Bwana harusi yuko wapi? Nimtazame kabla sijakuna nazi. Kama ni mbaya nitakuna moja."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Ngatirah aliutazama ule mstari wa makapu. Aliona mwanamke wa ng'ambo ya msitu, ambaye hawakuonana naye tangu maziko ya Karyodikromo. Aliona wasichana aliowaona wachanga, sasa na makapu yao wenyewe, vitu vimepangwa ndani kama mama zao walivyopanga, mchele chini, sukari na chai juu, mayai katikati yasivunjike. Hakuna aliyewapigia simu. Hakuna aliyepata kadi. Gogo limesema, wakaja. Na kitu ambacho kilikuwa kimeinama kifuani mwake tangu Marsudi anywe ile chai kikasimama.

"Marsudi," alisema, na sauti yake ilifika kwenye zizi. "Usiende popote. Kapu likiingia kwangu halitoki tupu. Haijatokea kwa Kromosentiko, haijatokea kwa Saniyem, haitatokea leo. Shusheni! Wanaume, kibanda pale, kando ya mfenesi mdogo. Ponikem, zikune zote mbili."

"Bwana harusi ni mzuri?"

"Utamwona!"

Uani kukafumka. Makapu yakashuka, visu vikatoka, kila mwanamke akakamata kazi ya mkono wake bila kuelekezwa. Kinasih alibaki amesimama. Ngatirah akamkamata bega, akampa mbuzi ya kukunia nazi.

"Nduk, binti yangu, kulia ni baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukusikia? Kaa ukune."

Msoma dua, Pak Wiryo, mzee mwenye tasbihi, akamsogelea Ngatirah. "Dada yangu, kupika mtapika. Lakini mimi nitaomba kwa nia gani? Dua haina miguu bila nia."

"Nia ipo," akasema Ngatirah. Akakiwekea kinu kiganja cha mkono. "Hiki kimeozesha watoto wa watu vitongoji vitatu. Kimerudisha jua. Chenyewe hakijawahi kupewa hata sahani ya wali. Leo ni zamu yake. Sema hivyo kwanza, halafu uwaombee hawa watoto wafike kwao salama."

Pak Wiryo akafikiri, akatikisa kichwa, akatabasamu. "Hiyo inatosha. Nimewahi kuombea zilizo dhaifu zaidi."

"Kumbe bwana harusi ndiye huyu!" akasema Ponikem, akakitazama kinu juu mpaka chini. "Mzee mno. Lakini ana kiuno."

Chungu cha fenesi bichi kilipoanza kuchemka, watu wakaanza kutazamana, maana shughuli ya kinu hupikwa kwa mlio wa kinu. Ngatirah akachukua mchi wa kwanza. Ponikem akachukua wake, Jumilah wake. Wanafunzi wakajongea, wamejiandaa. Ngatirah akawainulia mkono, kwa upole.

"Leo kaeni mtazame, wanangu."

Marsudi alikuwa amesimama karibu na nguzo ya kibanda. Macho yake yaliziona zile nafasi tatu zilizo wazi, na Ngatirah aliona kwamba ameziona. Akaanza hivyo hivyo. Dung. Jumilah akajibu. Ponikem akachelewa kidogo, akadaka. Pigo lilikuwa na mashimo, kama mdomo wa mzee. Dung, tek. Dung.

Kisha shimo moja likajazwa.

Tek-tek. Kavu, sawasawa, mahali pake hasa. Ngatirah alitazama kulia, kushoto. Jumilah alikuwa na mchi wake mmoja tu. Akaacha kupiga. Wenzake wakaacha. Na katika ukimya ule ikaendelea peke yake kutoka mlango wa jikoni: tek-tek, tek-tek. Ilikuwa kisu cha Wuryani juu ya ubao, kabichi inaanguka nyembamba kama uzi, na yeye mwenyewe hana habari.

Uani kukapasuka kicheko. Wuryani akainua uso. "Nini?"

"Nani alikufundisha?" akauliza Ngatirah.

"Kufundishwa nini?"

"Mchi wa nne!"

Wuryani akatazama kisu, akatazama ubao, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, nimeingia nyumba hii bibi arusi, chumba changu kimepakana na kinu chako. Ule ukuta ukipewa mikono nao utapiga."

"Njoo, basi."

"Na kabichi?"

"Nitakata mimi," akasema Kinasih, akamnyang'anya kisu.

Wuryani akaja, anafuta mikono kwenye suruali. Akashika mchi kama anavyoshika usukani wa pikipiki, akapiga, na halikuwa pigo la mtu anayejaribu. Mshona nguo akaitupa futi yake begani akasema, "Mama yangu alikuwa wa tano, basi nisisimame hapa kama nguzo," akaingia. Ikabaki nafasi moja, ile ya sita, ya ukingoni. Na aliyetoka jikoni, unga wa mchele mpaka kwenye nyusi, akiwa hamtazami mumewe hata kidogo, alikuwa Winarti.

"Mama Pak Dukuh!" mtu akapiga kelele. "Na okidi je?"

"Okidi zitasubiri," akasema Winarti, akashika mchi.

Wakapiga. Sita. Wanaokumbuka siku za Saniyem wanasema lilikuwa pigo la siku za Saniyem. Mwanzoni lilikwaruza, kisha likakaa, kisha likakimbia, na mlima wa nyuma ukalirudisha, na wanaume kwenye kibanda wakaanza kufunga mianzi kwa mwendo ule ule bila kupenda. Ngatirah alipiga mchi wa kwanza akiwa ameinua kidevu. Hakumtazama Marsudi. Hakuhitaji.

Walikula alasiri, wali uliosimamishwa kama mlima, fenesi la nazi, tempe ya pilipili, kabichi ya Wuryani na mabuu machache yaliyonusurika njiani. Sahani ya kwanza iliwekwa juu ya kinu. Pak Wiryo aliomba dua ndefu. Makapu yote yalirudi kwao yakiwa na chakula ndani, na fenesi lile lililoiva likakatwa vipande vya kumtosha kila mtoto.

Jumapili asubuhi na mapema wanafunzi waliondoka. Kinasih aliinama akabusu mkono wa Ngatirah, akakaa hapo muda mrefu kidogo. "Mbah, nikiolewa nitakuita."

"Usiniite kwa simu," alisema Ngatirah.

Gari lilipopinda kwenye mtiki wa mwisho, Marsudi alipita na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na matairi ya zamani ya lori, yamepakwa rangi nyekundu na njano, mazuri kusema kweli. Akasimama kwa shangazi yake, akavua kofia.

"Kwa ajili ya lango, Shangazi. Ya kupandia okidi."

"Nimekuona na akili," akamjibu. "Umeitoa kwa baba yako. Njoo baadaye unywe chai."

Kisha akamwita Wuryani, aliyekuwa anafunga makapu kwenye pikipiki, awahi soko la asubuhi kabla jua halijawa kali. Akamletea mchi wa kwanza, ule ambao mahali pa kushika pamelainika kwa mikono ya wanawake wanne na pamekuwa pembamba kidogo, kama shingo. Akamwekea mikononi.

"Mama, huu ni wako."

"Ulikuwa wangu. Mkono wangu wa kulia ulichelewa juzi, hukusikia?"

"Sikusikia."

"Mimi nilisikia. Sasa sikiliza. Kila siku ya Wage, ile inayorudi kila siku tano, ukirudi sokoni, unawaita wenzako, unatia mpunga kinuni, unawafundisha. Na binti zao. Na wakisema ndiyo, ndiyo, usiondoke mlangoni, kaa mpaka waseme ndiyo moja." Akaufagia ukingo wa kinu kwa kiganja, akamimina ndani mpunga kutoka kwenye ungo, wote. "Na siku utakayoutoa mpunga humu, mwanangu, hakikisha chungu kipo motoni kwanza. Maana watakuja."